Saa ya moyo: kabla ya kulipa, weka vidole viwili

Majuzi, ndugu msomaji, nilisimama mbele ya meza ya kijana mmoja anayeuza saa kule Buyenzi. Kikapuni nilikuwa na lengalenga, ndagala kidogo na kichane cha ndizi mbivu. Kijana akaanza kunisifia bidhaa yake: mama, saa hii inapima mapigo ya moyo, inapima presha, inapima sukari, inapima oksijeni, na ukipenda inakuonyesha hata saa ngapi. Nikamwomba ruhusa, nikachomoa ndizi moja, nikaivisha ile saa. Taa ya kijani ikawaka, ikapepesa, kisha kioo kikaandika 78. Ndizi yangu ilikuwa na moyo, tena moyo uliotulia kuliko wangu.

Waliokuwa karibu walicheka. Kijana naye alicheka, ila kwa shingo upande. "Mwalimu, unaniharibia biashara," akasema, maana mtaa ule wananijua. Nikamwambia sikuja kuharibu, nimekuja kununua. Na ilikuwa kweli. Kwa miezi kadhaa nilikuwa natafuta kipima mapigo ya moyo cha kutumia nyumbani ninapofanya mazoezi, na kadiri nilivyotafuta ndivyo nilivyozidi kuona kwamba katika jambo hili tunauziwa namba, wala hakuna anayetuambia namba hiyo imetoka wapi.

Naomba nieleweke mapema. Sina ugomvi na wafanyabiashara wa mpakani. Wengi wao ni ndugu zangu hasa, tuliorudi pamoja na ambao huku tunaitwa abahungutse. Mimi nilizaliwa Ulyankulu, mkoani Tabora, katika makazi waliyopelekwa wazazi wetu baada ya kukimbia mwaka 1972, nikasomea huko kwa Kiswahili tangu darasa la kwanza, na sikuiona Bujumbura hadi tuliporejea mwaka 2009. Kaka yangu anaishi kwa njia ya Kobero. Anakwenda Kariakoo na kurudi, analeta vyombo, simu na mikanda ya suruali. Mshahara wangu unapochelewa, ni mfuko wa mpakani unaonilisha. Kwa hiyo ninayoyasema hapa nayasema nikiwa ndani ya nyumba.

Huyo kaka yangu ndiye aliyenifungua macho. Ana miaka 58. Daktari alimkuta na presha, akamwandikia kidonge cha atenolol cha kila siku na kumshauri afanye mazoezi. Kaka ni mtu wa kutii akishatishwa. Safari iliyofuata alirudi kutoka Dar es Salaam na kamba ya kuruka na saa ya kupima moyo, nzuri, ya kampuni yenye jina, iliyomgharimu si haba. Akaiandikia umri wake. Saa ikamweleza kwamba kikomo cha moyo wake ni mapigo 162 kwa dakika, na kwamba ili mazoezi yawe makali ya kutosha abaki katika rangi ya chungwa, yaani kama 113 hadi 138.

Basi akawa anaruka kamba uani kwake Kanyosha kila alfajiri, macho kwenye mkono. Namba ikagoma. Inafika 100, inafika 105, inakaa hapo. Yeye akajiona mvivu. Siku ya pili akaongeza kasi, siku ya tatu akaongeza muda. Siku ya nne akaona giza, akakaa chini kando ya karo, jasho la baridi likimtiririka. Mke wake akanipigia simu: "Wifi, njoo upesi, kaka yako hasemi." Nilipofika alikuwa anasema, tena anaomba saa yake aione imeandika ngapi.

Tulimpeleka kituo cha afya. Muuguzi, mama mtu mzima, alimuuliza swali moja kabla ya kumgusa: unameza dawa gani? Alipoitaja, akatikisa kichwa. Akatueleza kwamba atenolol, na jamii yake kama propranolol, kazi yake mojawapo ni kuufunga moyo breki. Mtu anayeitumia anaweza kutoka jasho na kuishiwa pumzi na mapigo yake yasifike pale yanapofika kwa mwingine wa umri wake. Kaka alikuwa anakimbiza namba ambayo kidonge chake kiliwekwa makusudi kuizuia.

Tazama sasa: saa ile haikuwa mbovu. Iliposema 105, ilikuwa 105. Hapo ndipo penye ugumu wa jambo lenyewe. Kuna saa inayodanganya, kama ile ya ndizi, na kuna saa inayosema kweli kwa mtu asiyejua kuisoma. Tukilaumu bidhaa feki peke yake tutakuwa tumetazama upande mmoja wa shilingi.

Labda utauliza kwa nini mtu ahangaike na vifaa hivi uani wakati Bujumbura ni mji wa kukimbia. Ni kweli. Mgeni akifika Jumamosi au Jumapili asubuhi atadhani kuna mashindano: watu kwa vikundi, wanaimba, wanapiga makofi, wanapanda kuelekea Kiriri na kushuka. Sisi tuliokulia Tanzania tulipoona tulicheka kwa furaha, tukasema mchakamchaka umetutangulia nyumbani. Lakini si kila mtu anaweza kukimbia barabarani. Machi 2014, baada ya vurugu kati ya polisi na wafuasi wa chama kimoja cha upinzani hapa mjini, serikali ilipiga marufuku kukimbia kwa makundi mitaani isipokuwa kwenye sehemu zilizotengwa. Siingii kwenye siasa yake. Nasema tu kwamba kuanzia hapo wengi wetu tulijifunza kuruka kamba ndani ya ua, na wengine hatukutoka tena. Weka juu yake jua, vumbi, na macho ya watu yanayomfuata mwanamke wa miaka 46 aliyevaa raba. Mama muuza vitenge anayefungua kibanda saa moja asubuhi na kukifunga jioni hana saa ya kwenda Kiriri. Ana dakika ishirini na ua wa mita nne.

Kwa mtu huyo kipima mapigo kina maana. Barabarani unajua umekwenda umbali gani. Uani hujui lolote. Unaruka, unachuchumaa, unapanda kidato na kushuka, na huwezi kujua umefanya kazi au umejichezea. Moyo ndio unaokuambia. Swali ni nani atauhesabu.

Hapa naomba nirudi Ulyankulu kidogo. Nilipokuwa darasa la sita, mwalimu wetu wa sayansi alikuwa na saa moja ya mkono, ya kutia ufunguo, yenye mshale mwekundu wa sekunde. Shule nzima ilikuwa na chati moja ya mwili wa binadamu, imeliwa na mchwa kuanzia magotini. Asubuhi moja baada ya mchakamchaka alituzuia tusiingie darasani. Akatupanga wawili wawili, akatuonyesha pa kushika: chini ya kidole gumba, upande wa ndani wa mkono, kwenye kifereji kati ya mfupa na mshipa mgumu. Vidole viwili, cha shahada na cha kati. Gumba hapana, kwa sababu gumba lina pigo lake lenyewe na utajihesabu mwenyewe. Akatazama mshale, akapaza sauti: hesabu! Baada ya sekunde 15: acha! Zidisha kwa nne. Tuliandika mchangani kwa vijiti. Wapo waliodanganya ili waonekane wana moyo wa chuma, naye alipita akishika mikono yetu mmoja mmoja, bila haraka, kuhakiki. Kisha tukakaa kivulini dakika tano, tukahesabu tena, tukaona namba zimeshuka.

Sikujua kwamba siku ile nilipewa kifaa. Miaka michache baadaye, Agosti 1996, tulikusanyika kwenye redio kusikia habari za Venuste Niyongabo, Mrundi aliyeshinda mita 5,000 kwenye Olimpiki ya Atlanta na kuipa nchi yetu medali yake ya kwanza ya Olimpiki. Watu walilia, nchi yenyewe ilikuwa katika vita na sisi tulikuwa mbali nayo. Mimi nakumbuka nilijishika mkono nikahesabu moyo wangu. Ulikuwa unakimbia kama niliyekuwa Atlanta.

Tuje kwenye vifaa vyenyewe, maana ndilo ulilolifuata. Viko vya aina mbili kubwa, na tofauti yake ni muhimu kuliko jina la kampuni.

Cha kwanza ni mkanda wa kifuani. Unafungwa chini ya matiti, unagusa ngozi, na unasikiliza umeme mdogo ambao moyo unautoa kila unapopiga, kwa njia ileile ya mashine ya hospitali inayochora mistari. Walioanza kuuza kifaa cha namna hii kisicho na waya ni Wafini wa kampuni ya Polar, iliyoanzishwa 1977. Kipimo chao kilitoka mwaka 1982, na wazo lilianzia kwa wanamichezo wa kuteleza kwenye theluji, watu ambao wasingeweza kusimama katikati ya baridi kali wakivua glavu ili washike mshipa. Cha pili ni saa au bangili ya mkononi. Hii inamulika ngozi kwa taa ya kijani. Damu hunywa mwanga wa kijani. Kila moyo unaposukuma, damu inaongezeka kwenye mkono na mwanga unaorudi unapungua. Saa inahesabu huko kupungua na kuongezeka.

Sasa fikiri. Ukiwa umekaa, mkono umetulia, saa nzuri ya mkononi inakaribia sana ukweli. Ukianza kuruka kamba, mkono unatikisika, mshipa unabanwa, jasho linaingia chini ya saa, mwanga unavuja. Zaidi ya hapo, kamba ina mdundo. Ukiruka mara 120 kwa dakika, saa inaweza kuushika mdundo wa miguu yako ikadhani ni moyo. Imenitokea na saa ya kuazima: kioo kinasema 124, vidole vinasema 148. Ukipiga pushapu, kiwiko cha mkono kinakunjwa na saa inasukumwa. Namba inaganda au inapotea. Hata kushika jembe kwa nguvu kunaichanganya. Na hata saa nzuri huchelewa: umeshapumzika, yenyewe ndiyo kwanza inapanda.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya. Mtu wa mazoezi ya uani, ya kuruka, kuchuchumaa na kusukuma, akiwa na fedha ya kifaa kimoja tu, anunue mkanda wa kifuani na aiache saa. Najua mkanda hauna urembo; hakuna atakayeuona kanisani wala msikitini, na nadhani hiyo ndiyo sababu mezani pa Buyenzi saa ziko arobaini na mikanda hakuna. Lakini ndio unaohesabu moyo wakati mwili unatikisika. Tena una faida kwa mji wa umeme wa kukatika: mingi inatumia kibetri cha duara kama sarafu, kinachodumu miezi mingi, wakati saa zenye vioo vikubwa zinataka kuchajiwa kila baada ya siku chache. Umeme ukikatika siku mbili, saa inakuwa bangili.

Mkanda nao una masharti yake, na muuzaji asipokuambia utamlaani bure. Wenyewe hauna kioo, lazima uzungumze na simu kwa Bluetooth au na saa inayouelewa. Uliza kabla ya kulipa kama simu yako inaupokea, na kama programu yake ni ya bure. Lowesha zile sehemu nyeusi zinazogusa ngozi, kwa maji au hata kwa mate, la sivyo dakika za mwanzo utaona vituko. Baada ya kazi usuuze kwa maji, maana chumvi ya jasho ndiyo inayoua mikanda mingi. Usiutupe juani kwenye bati.

Anayetembea tu, au anayepanda kidato taratibu, saa ya mkononi ya kweli inamtosha. Aifunge juu kidogo ya mfupa wa kiwiko cha mkono, ikaze bila kuacha alama. Watu huniuliza kama taa ya kijani inaona ngozi nyeusi kama yetu. Swali zuri, maana weusi wa ngozi nao hunywa mwanga. Utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa 2020, uliopima saa kadhaa kwa watu wa rangi tofauti, haukuona tofauti kubwa ya mapigo kati ya ngozi na ngozi. Ulichoona ni kwamba mwili ukiwa kwenye mwendo makosa yanaongezeka kwa wote. Oksijeni ni hadithi nyingine. Mwaka huohuo madaktari wa Marekani walionyesha kwamba vipimo vya kidoleni vya hospitali viliwakosa wagonjwa weusi waliopungukiwa oksijeni karibu mara tatu zaidi ya wagonjwa weupe. Ikiwa cha hospitali kimefanya hivyo, ile namba ya oksijeni kwenye saa ya meza usiitegemee.

Na hapa nakunja uso. Ile habari ya kupima sukari na presha kwa saa ya mkononi inanikera kuliko ndizi yangu. Februari 2024, FDA, taasisi ya serikali ya Marekani inayosimamia dawa na vifaa vya tiba, ilitoa onyo kwa umma: hakuna saa wala pete hata moja waliyoiidhinisha inayopima sukari ya damu yenyewe bila kutoboa ngozi. Hata moja. Mgonjwa wa sukari akiamini kioo kinachomwambia yuko salama, anaweza kula asichopaswa kula, au kuchoma insulini isiyotakiwa na asiamke. Presha nayo ipimwe kwa kile kifaa kinachojaa upepo mkononi. Mfanyabiashara mwenzangu, ukimwambia mama wa watu kwamba saa yako inapima sukari, hujamuuzia saa. Umempokonya safari yake ya zahanati.

Tumalizane na ile hesabu ya kikomo, iliyomwangusha kaka. Utaikuta kila mahali: 220 toa umri wako. Mimi ni 46, kwa hiyo 174. Mazoezi ya wastani ni nusu ya hapo hadi asilimia 70, yaani 87 hadi 122. Makali ni kutoka hapo hadi asilimia 85, yaani 148. Hesabu hii ni ya tangu miaka ya 1970 na ni ya kukadiria. Mwaka 2001 watafiti walitoa nyingine: zidisha umri kwa 0.7, toa kwenye 208. Kwa umri wangu zinapishana kwa pigo moja au mawili, lakini kwa mzee wa miaka 65 ya zamani inasema 155 na mpya inasema kama 162. Hata hiyo mpya ni wastani wa watu wengi. Wewe peke yako unaweza kuwa mapigo kumi juu au kumi na zaidi chini na usiwe na ugonjwa wowote. Wanafunzi wangu wanalijua hili vizuri: wastani wa darasa ni viatu namba 36, lakini ukileta 36 kwa wote nusu watakwenda pekupeku.

Kwa hiyo namba ya saa ipimwe na pumzi. Ukiweza kuongea sentensi nzima lakini huwezi kuimba, uko kwenye wastani. Ukitoa maneno mawili matatu na kuvuta hewa, umeingia kwenye ukali. Kwa kaka yangu na wote wanaomeza dawa za moyo na presha, muuguzi aliagiza hicho ndicho kiwe kipimo, na aongee na daktari kabla ya kuongeza chochote. Joto letu nalo lihesabiwe: mazoezi yaleyale yanayokupa 120 saa kumi na mbili asubuhi yanaweza kukupa 135 saa nane mchana, kwa sababu moyo unafanya kazi ya ziada ya kuupoza mwili. Ukisikia maumivu au kubanwa kifuani, acha, usitazame saa. Na ukishika mshipa ukakuta mapigo hayana mpangilio, yanakimbia, yanaruka, yanasimama, nenda kituo cha afya, hata kama kioo kinaandika 72 kwa utulivu. Kioo kinaandika wastani. Vidole vinasikia mwendo.

Ninachowaomba wafanyabiashara si kikubwa. Weka kigoda kimoja kando ya meza. Weka saa ya mshale au simu inayoonyesha sekunde. Mteja akae dakika tano amevaa saa anayoitaka, ajishike mshipa sekunde 30, azidishe kwa mbili, alinganishe. Kisha apande na kushuka ukingo wa barabara kwa dakika moja, asimame, ahesabu palepale sekunde 15, azidishe kwa nne, maana ukichelewa moyo unashuka. Zikipishana kwa matatu manne, ni saa. Zikipishana kwa thelathini na hazikaribiani hata akishatulia, ni pambo, na iuzwe kwa bei ya pambo. Ndizi peke yake haitoshi kuhukumu, nakiri. Hata saa halisi ikivishwa ndizi huweza kudanganywa na mwanga unaorudi na kutunga namba. Ila saa inayoonyesha 77 ikiwa imening'inia hewani, kama ile ya Buyenzi nilipoivua ndizi, hiyo haina cha kujitetea.

Najua jibu: mwalimu, mteja akipima hatanunua. Baadhi hawatanunua, ni kweli. Lakini tangu soko kuu lilipoungua Januari 2013 na watu kutawanyika, wengi wenu mmejenga upya biashara kwa sura zenu, bila ukuta wala kibao. Mteja anakufuata kwa jina. Saa ya ndizi utaiuza mara moja kwa mtu mmoja, na ndugu zake wote wataisikia.

Siku ile sikuondoka mikono mitupu kabisa. Kijana alipoona siondoki, alifungua droo akatoa saa nyingine, ambayo haikuwa mezani. Nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Vidole vikasema 84, saa ikasema 86. Nikapanda na kushuka ukingo wa mtaro, na gauni langu la kazini, watu wakitazama. Vidole 120, saa 97; nikasimama, ikapanda yenyewe hadi 112 wakati mimi nimeshashuka, kisha tukakutana kwenye 105. Nikamwambia hii ni saa ya kweli, inachelewa tu, muuzie mtu wa kutembea. Mimi niagizie mkanda. Akaandika kwenye daftari kwamba safari ya wiki ijayo, kupitia Manyovu, ataniletea.

Nilipokuwa naokota kikapu akaniuliza, kwa sauti ya chini, mshipa wenyewe unashikwa wapi. Akajaribu kwa gumba, nikamtoa. Akajaribu tena, akaukosa, akabonyeza mno, akalegeza, kisha macho yakatulia. Nilimtazamia sekunde kwenye simu. Sitini na sita. Akarudia kuhesabu bila kuambiwa. Mama mmoja alikuwa ameshafika mezani anaulizia bei ya ile saa ya kwanza, na nilipokuwa navuka barabara nilimsikia kijana akimjibu: "Mama, kaa kwanza kwenye ndoo hapo, unipe mkono."